Mlo wa mwimbaji: kupanga kula na kunywa, kuanzia siku za mazoezi hadi saa ya kuimba

Waimbaji wengi hukumbuka habari ya chakula saa moja kabla ya kupanda jukwaani. Hapo ndipo tangawizi hutafutwa, asali hulambwa, limau hukamuliwa, na kila mmoja huja na dawa aliyoirithi kwa mwalimu wake. Saa hiyo chakula kimekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yake, iwe ya kujenga au ya kuharibu. Sauti utakayoimba nayo jioni inatokana na maji uliyokunywa tangu jana, saa uliyokula usiku kabla ya kulala, na kiasi cha chakula kilichobaki tumboni unapovuta pumzi ya kwanza.

Kwa hiyo sitaanza na orodha ya vyakula vizuri na vibaya. Saa ya kula ina uzito kuliko aina ya chakula, na ukiipanga vizuri utagundua kwamba vitu vingi ulivyokuwa ukijinyima havikuwa na kosa.

Hatua ya 1: Jua chakula kinapita wapi

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ya msuli uliofunikwa na utando laini wenye majimaji. Zimo ndani ya zoloto, juu kabisa ya bomba la hewa, na kwa mtu mzima urefu wake ni kati ya sentimita 1 na 2.5 hivi. Unapoimba noti ya A ambayo vyombo vya muziki huwekwa sawa kwayo, nyuzi hizo hufunga na kufungua mara 440 kwa sekunde moja. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anapofika C ya juu, idadi hupita 1,000 kwa sekunde. Kinachotikisika zaidi ni ule utando wa juu, na ndiyo maana hali yake, kama ni laini au mkavu, mwembamba au umevimba, husikika mara moja katika sauti.

Chakula hakipiti juu ya utando huo. Unapomeza, zoloto hupanda, kidakatonge hufunika mlango wake, nyuzi zenyewe hubana, na tonge huteleza kwa nyuma kuingia kwenye umio, njia ya chakula kwenda tumboni. Likikosea njia hata tone la maji, utapaliwa na kukohoa kwa nguvu. Maana yake ni kwamba hakuna chai, asali, mafuta wala yai bichi linaloweza kwenda kupaka nyuzi za sauti. Kitu kinachomezwa hulainisha kinywa na koo la juu, na huishia hapo.

Jambo hili lilikuwa gumu kuliamini zamani kwa sababu hakuna aliyeweza kuziona nyuzi hizo zikifanya kazi. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba Mhispania, Manuel García, alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kuziangalia nyuzi zake mwenyewe huku akitoa sauti. Kwamba aliyefanikiwa alikuwa mwalimu wa muziki akitaka kuelewa kazi yake ni jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka.

Chakula kinaifikia sauti kwa njia tatu za mzunguko: kupitia damu, kinapopeleka maji na virutubisho kwenye utando; kupitia asidi, inapopanda kutoka tumboni na kuunguza zoloto kutoka chini; na kupitia pumzi, tumbo linapokuwa limejaa mno au mwili unapokosa nguvu. Hatua zinazofuata zinashughulika na njia hizo, moja baada ya nyingine.

Hatua ya 2: Kunywa maji mapema, na kila siku

Utando ukiwa na maji ya kutosha, ute unaoufunika huwa mwepesi na nyuzi huanza kutikisika kwa msukumo mdogo wa hewa. Ukikauka, unahitaji kusukuma zaidi ili noti itoke. Noti zinazokufa kwanza ni za juu zinazoimbwa kwa sauti ndogo. Jipime hivi asubuhi: imba taratibu, karibu na kunong'ona, noti tano za juu za sauti yako ya kawaida. Kama zinachelewa kuanza, au zinaanza na hewa tupu kabla sauti haijashika, huenda umeamka mkavu.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya hupendekeza takriban lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanaume, pamoja na maji yaliyomo ndani ya chakula, ambayo kwa kawaida ni kama moja ya tano ya jumla. Kwenye joto, safarini kwa ndege, au siku ya mazoezi marefu ya kuimba na kucheza, ongeza. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa njano hafifu uko sawa, ukiwa wa rangi nzito umechelewa. Vidonge vya vitamini B huugeuza kuwa njano kali hata ukiwa na maji ya kutosha, kwa hiyo usidanganyike na rangi hiyo.

Gawanya maji hayo mchana kutwa. Glasi moja unapoamka, moja kwa kila mlo, nyingine katikati ya milo. Kunywa lita nzima dakika ishirini kabla ya kuimba hakusaidii nyuzi, kwa sababu maji hayo yanahitaji muda wa kupita utumboni, kuingia kwenye damu na kufika kwenye tishu. Kitakachokufikia haraka ni haja ndogo. Na usivuke mpaka kwa upande wa pili: kunywa maji mengi kupita kiasi kwa muda mfupi huzimua chumvi ya damu, na hiyo ni hatari ya kweli.

Mafunda madogo wakati wa mazoezi yana faida nyingine. Kila ukimeza, ute uliokwama kooni huondolewa bila kujikohoza, na kujikohoza hugonganisha nyuzi kwa nguvu. Mzoeshe kila mwanakwaya kunywa funda badala ya kujikohoza. Ni tabia ndogo ambayo, kwa maoni yangu, huokoa sauti nyingi kuliko vinywaji vyote vinavyouzwa kwa jina la sauti.

Kahawa na chai zimesingiziwa sana. Kafeini huongeza mkojo kidogo, lakini kwa mtu aliyezoea, vikombe viwili vitatu kwa siku bado vinaingiza maji mwilini kuliko vinavyotoa. Tatizo la kahawa kwa mwimbaji ni kwamba inaweza kuamsha kiungulia, na kwa mwenye hofu ya jukwaa huongeza mapigo ya moyo na kutetemeka, mambo yanayofupisha pumzi. Pombe ni habari nyingine kabisa: huzuia homoni inayoufanya mwili utunze maji, hulegeza mlango wa juu wa tumbo, na hupunguza umakini wa sikio na udhibiti wa misuli. Glasi moja ya kutuliza hofu hulipwa kwa noti zisizo safi ambazo mwenyewe hutazisikia. Iache mpaka kazi iishe.

Kitu pekee kinachofika kwenye nyuzi moja kwa moja ni hewa unayovuta, kwa hiyo mvuke husaidia pale maji ya kunywa yanapochelewa. Jifukize kwa dakika tano hadi kumi, kwa maji yaliyokwisha kutolewa motoni na kutulia mezani, bila kuongeza mafuta makali ya kupakaa. Watu huungua vibaya kwa kuinamia sufuria inayochemka, kwa hiyo usiharakishe hatua hii.

Hatua ya 3: Zuia asidi isipande

Kama ungenipa nafasi ya kubadili jambo moja tu katika maisha ya mwimbaji, ningebadili saa yake ya kula usiku.

Katikati ya umio na tumbo kuna msuli wa mviringo unaofunguka tonge lipite, kisha hufunga. Ukilegea wakati usiofaa, yaliyomo tumboni hupanda. Umio una uwezo wa kustahimili asidi kidogo, lakini utando wa zoloto haukuumbwa kwa ajili hiyo. Mvuke au matone machache yakifika pale, pamoja na pepsini, kimeng'enya cha kuyeyusha nyama kinachotoka tumboni, utando huvimba na kutoa ute mzito wa kujikinga. Mwimbaji husikia ute huo, hujikohoza, nyuzi zinagongana, zinavimba zaidi, ute unaongezeka.

Wengi hawatambui kinachowapata kwa sababu hawana kiungulia hata kidogo. Asidi inaweza kupanda usiku umelala, bila moto kifuani, na ikaacha dalili hizi tu: sauti nzito na ya kukwaruza asubuhi inayochukua muda mrefu kufunguka, hamu ya kujikohoza kila mara, hisia ya kitu kilichokwama kooni ambacho hakimezeki, ladha chungu mdomoni unapoamka, kikohozi kikavu unapolala chali, na kupoteza noti za juu huku za chini zikibaki. Mwimbaji mwenye dalili hizi mara nyingi hudhani ana mafua yasiyokwisha, au mbinu yake ya kuimba imeharibika. Ana haki ya kuchanganyikiwa, kwani dalili zinafanana.

Kuimba kwenyewe huchangia. Unapokaza misuli ya tumbo kushikilia noti ndefu, shinikizo la tumboni hupanda na kusukuma yaliyomo kuelekea juu. Ongeza nguo inayobana kiunoni na mlo mkubwa wa muda mfupi uliopita, na utaelewa kwa nini wengine hubeua katikati ya ubeti.

Fanya hivi kwa wiki tatu mfululizo, kisha uamue mwenyewe.

Maliza mlo wa mwisho angalau saa tatu kabla ya kulala. Hiki ndicho kipengele kigumu kwa mwimbaji, kwa sababu onyesho huisha usiku, njaa huwa kali, na kila mtu anakwenda kula kwa furaha. Mlo mzito wa saa sita usiku unaofuatwa na kitanda saa saba ndio unaoharibu sauti ya kesho yake, halafu lawama hupewa onyesho. Suluhisho ni kusogeza mlo mkuu uwe wa mchana, na baada ya kuimba kula kitu chepesi chenye mafuta machache: supu, wali kidogo na samaki wa kuchemsha, mkate na yai, ndizi. Kisha keti au tembea.

Inua kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka vitu imara chini ya miguu yake ya upande wa kichwani. Kurundika mito hakufai, kwani hukukunja kiunoni na kulibana tumbo. Lalia ubavu wa kushoto. Kwa umbo la tumbo, upande huo huacha mlango wa umio juu ya usawa wa asidi.

Punguza vitu vinavyolegeza msuli huo au kukaa tumboni muda mrefu. Mafuta mengi yanaongoza: vyakula vya kukaangwa huchelewesha tumbo kumaliza kazi yake, na kadiri linavyochelewa ndivyo nafasi ya asidi kupanda inavyoongezeka. Vingine ni chokoleti, pombe, kahawa, soda na vinywaji vyenye gesi, nyanya kwa wingi, matunda makali kama limau na chungwa, vitunguu vibichi, na pilipili. Sio lazima vyote vikudhuru. Kuna mwimbaji anayekula pilipili kila siku na zoloto yake ni safi. Kuna mwingine anayelazwa hoi na nyanya peke yake. Ondoa vyote kwa wiki tatu, kisha rudisha kimoja kimoja, siku tatu kwa kila kimoja, ukisikiliza sauti yako ya asubuhi.

Mnanaa uko kwenye orodha hiyohiyo, na hapa waimbaji wengi hushangaa, kwa sababu pipi za mnanaa ndizo zilizojaa mifukoni mwao. Ule ubaridi wake huwasha vipokezi vya baridi vya kinywani na puani; hisia ya kufunguka ni kubwa kuliko kufunguka kwenyewe. Kwa baadhi ya watu mnanaa hulegeza mlango wa tumbo. Na pipi zenye dawa ya ganzi zina ubaya mkubwa zaidi: zinazima maumivu, nawe maumivu ndiyo yanayokuambia usimame. Kama unataka kitu cha kutafuna, chagua chingamu isiyo na sukari baada ya kula. Huongeza mate, na mate hupunguza makali ya asidi na kuisukuma irudi chini.

Dawa za kupunguza asidi zipo na husaidia, lakini ziwe za kuamuliwa na daktari aliyekuangalia. Kuzimeza miezi mingi kwa ushauri wa mwenzako wa kwaya huweza kuficha ugonjwa mwingine.

Hatua ya 4: Mlo wa kawaida wa kila siku

Hapa hakuna siri, kwa hiyo nitakwenda haraka. Kuimba ni kazi ya misuli, ya mbavu, tumbo, mgongo na zoloto, na misuli inahitaji protini kila siku: maharage, mayai, samaki, nyama, dengu, maziwa. Utando wa njia ya hewa unahitaji vitamini A, inayotokana na karoti, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mboga za majani ya kijani kibichi, na maini. Upungufu wa madini ya chuma huleta uchovu na kuishiwa pumzi mapema, jambo la kuangaliwa hasa na wanawake wenye hedhi nzito. Madini joto ni ya lazima kwa tezi iliyo shingoni, jirani kabisa na zoloto; tezi ikidhoofika, sauti huweza kuwa nzito na ya kukwaruza, na ikivimba sana hubana njia ya hewa. Chumvi yenye madini joto hutosha kwa wengi.

Kuhusu uzito, msikilize mwili wako kuliko maneno ya watu. Maria Callas alipungua zaidi ya kilo 30 kati ya mwaka 1953 na 1954, na mpaka leo wapenzi wa opera hubishana kama kupungua huko ndiko kulikoidhoofisha sauti yake. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba unene wa tumboni huongeza kupanda kwa asidi, na kwamba kupungua kwa kasi kunakula misuli, ikiwamo ya kushikilia pumzi. Ukitaka kupungua, nenda polepole, na kipindi kisicho na maonyesho mengi. Kujitapisha ili kupungua ni kuimwagia zoloto asidi kwa mkono wako. Kama uko katika hali hiyo, tafadhali mwambie mtu unayemwamini na uende kwa daktari, inatibika.

Hatua ya 5: Panga siku ya kuimba kwa kuhesabu kurudi nyuma

Tuseme unaanza kuimba saa 1 jioni.

Asubuhi kula kama kawaida, chakula ulichokizoea. Siku ya onyesho haifai kwa kujaribu kitu kipya.

Kati ya saa 8 na saa 9 alasiri kula mlo wako mkuu. Wanga na protini zenye mafuta kidogo, mboga iliyopikwa, matunda. Mlo kamili wa chakula kigumu unaweza kuchukua saa nne hivi kutoka tumboni, na wenye mafuta mengi huzidi hapo. Sababu ya kutaka tumbo liwe jepesi ni dayaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Unapovuta pumzi, dayaframu hushuka na kuyasukuma yaliyo chini yake. Tumbo lililojaa haliipi nafasi, hivyo pumzi inabaki kifuani, mabega yanapanda, na sentensi ndefu inakatika kabla ya mwisho. Kwa sababu hiyohiyo siku hii uahirishe maharage, kabichi na vinywaji vyenye gesi, hata kama ni chakula chako cha kila siku. Ni vyakula vizuri. Gesi yake tu ndiyo inayogombea nafasi na pumzi.

Saa 11 na nusu hivi, kula kitu kidogo: ndizi, kipande cha mkate, bakuli dogo la uji, viazi viwili vya kuchemsha. Wapo wanaoimba na njaa kwa kuamini sauti hutoka vizuri zaidi. Kwa wimbo mmoja inawezekana. Kwa saa mbili, sukari ya damu ikishuka, mikono hutetemeka, tumbo linaacha kushikilia pumzi, na shingo inaanza kufanya kazi isiyo yake. Ukiona unaanza kuimba kwa shingo nusu ya pili ya onyesho, chunguza mlo wako kabla ya kulaumu mazoezi.

Kuanzia saa 12 acha vitu vikavu na vyenye chengachenga: karanga, biskuti, bisi. Punje moja iliyokwama nyuma ya ulimi inatosha kukukohoza ubeti wa kwanza. Acha pia chokoleti na pipi za sukari nyingi, kwani huacha mate mazito. Vyakula vya chumvi nyingi viepukwe tangu mchana, maana kiu yake hukufuata jukwaani.

Wakati wa kuimba weka maji karibu, ya joto la kawaida. Maji baridi hayapiti kwenye nyuzi, kwa hiyo hayazigandishi kama inavyosemwa. Lakini wengi huhisi koo limekaza baada ya kuyanywa, na mwimbaji anayehisi koo limekaza huimba kwa kukaza. Kama wewe hayakusumbui, kunywa bila hofu.

Baada ya onyesho, kunywa maji kwanza, kula chepesi, na usipige kelele juu ya muziki wa sherehe. Hilo la mwisho halihusu chakula, lakini nimeona mipango mizuri ya mlo ikiharibiwa hapo.

Hatua ya 6: Weka kila dawa ya kienyeji mahali pake

Imani kuhusu vyakula vya sauti ni za kale sana. Nero, mfalme wa Roma wa karne ya 1, alijiona mwimbaji, na inaelezwa kwamba kwa siku maalumu za mwezi alikula majani ya liki, mboga ya jamii ya kitunguu, kwa mafuta peke yake ili sauti yake iwe nzuri, na kuepuka matunda aliyoambiwa yanaidhuru. Leo tunaweza kuchambua kwa utulivu zaidi.

Asali ni nzuri kwa kutuliza koo lililowashwa na hupunguza kikohozi. Kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu kinafaa. Haiponyi nyuzi zilizovimba. Usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Tangawizi hupasha joto koo na kuchangamsha mate. Ikiwa kali sana huwasha, na kwa mwenye asidi inaweza kumgeuka. Iwe nyepesi.

Limau huchochea mate, na kipande kidogo ndani ya maji hakina neno. Juisi yake tupu ni asidi kali juu ya koo ambalo huenda tayari limeungua.

Maji ya chumvi ya kusukutua, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, hupunguza maumivu ya koo la juu wakati wa mafua. Hayafiki kwenye zoloto, na usiyameze.

Maziwa yanahitaji maelezo marefu kidogo, maana yamepigwa marufuku katika kwaya nyingi. Inasemwa huongeza makohozi. Mwaka 1990 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 60 waliokubali kuambukizwa kirusi cha mafua, wakapima uzito wa kamasi zao siku baada ya siku na kulinganisha na maziwa waliyokunywa. Hawakupata uhusiano wowote. Waliokuwa wanaamini kwamba maziwa huleta kamasi walilalamika zaidi kuhusu kikohozi na kubanwa pua, lakini kamasi zao hazikuwa nyingi kuliko za wengine. Kinachotokea ni kwamba maziwa yakichanganyika na mate hufanya utando mzito unaobaki kwa muda mfupi nyuma ya ulimi. Hisia hiyo ni ya kweli na humsumbua mtu anayeimba dakika kumi baadaye. Kwa hiyo usinywe maziwa saa mbili za mwisho kabla ya kuimba, na siku nyingine zote yanywe kwa amani, kwani protini na kalsiamu yake ni vya maana.

Hatua ya 7: Andika unachokula na unavyosikika

Kwa mwezi mmoja andika kila asubuhi mistari miwili: saa ya mlo wa mwisho wa jana na ulichokula; halafu jinsi zile noti tano za juu zilivyoanza, kwa alama kutoka 1 hadi 5. Ongeza usingizi, na kwa wanawake siku za mzunguko wa hedhi, maana mabadiliko ya homoni yanaweza kuvimbisha utando kidogo kabla ya hedhi, na bila kumbukumbu hiyo utakilaumu chakula kisicho na kosa. Mwezi ukiisha utaona mpangilio wako mwenyewe. Mpe nakala mwalimu wako wa sauti. Itamsaidia kutofautisha kosa la mbinu na koo lililoungua.

Kuna mambo ambayo mlo hauwezi kuyatibu, na kuyasubiri ni hatari. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu bila mafua ya kueleza, maumivu wakati wa kumeza au yanayopanda hadi sikioni, makohozi yenye damu, uvimbe shingoni, au kuishiwa pumzi unapozungumza: nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangalie zoloto kwa kamera. Na sauti ikikatika ghafla katikati ya noti, kana kwamba imezimwa, acha kuimba papo hapo hata kama wimbo haujaisha. Huenda mshipa mdogo wa damu umepasuka ndani ya utando. Usinong'one kwa kulazimisha, usijinunulie aspirini wala ibuprofeni kwa ajili ya koo, kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Kama aspirini uliandikiwa na daktari kwa ugonjwa mwingine, muulize kabla ya kuiacha. Nyamaza kabisa mpaka utakapoonwa, ikiwezekana siku hiyo hiyo au kesho yake.